Gari Moja, Majeruhi Watano, Wakili Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Houston

Kisa hiki ni cha mfano. Watu wake nimewatunga, lakini sheria ni za Texas kama zilivyo, na yaliyowapata ni mambo yanayowakuta wengi wa ndugu zetu waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale kabla ya kufikishwa Marekani.

Saa kumi na moja alfajiri, gari la familia la siti saba linatoka kwenye nyumba za kupanga za kusini-magharibi mwa Houston kuelekea kwenye ghala la bidhaa. Ndani wamo watu watano wa zamu moja: dereva, ambaye gari ni lake, na abiria wanne wanaomchangia dola 5 kila mmoja kwa siku. Taa ni ya kijani, dereva anaingia njia panda, na pikapu iliyopuuza taa nyekundu inamgonga ubavuni. Mama wa miaka hamsini na ushee, aliyekaa upande ule, anavunjika mtulinga na nyonga, na analazwa siku hiyohiyo. Dada mmoja anavunjika kifundo cha mkono. Kijana wa siti ya nyuma, ambaye hakufunga mkanda, anapasuka paji la uso na kuumia shingo. Abiria wa nne na dereva wanabaki na maumivu ya mgongo na mbavu.

Polisi wanaandika kwamba kosa ni la pikapu. Mwenye pikapu ana bima. Mtaani watu wanasema kesi imeshashinda yenyewe, kilichobaki ni kugawana pesa. Hapo kwenye kugawana ndipo penye kisa chote.

Siku ya pili mgeni anaingia wodini. Ni kijana nadhifu anayeongea Kiswahili safi cha Uvira, na mama anamfahamu kwa sura kutoka kanisani.

"Mama, pole sana. Tia kidole hapa tu, avoka aanze kazi. Wenzio wote wameshasaini."

"Inasema nini?"

"Inasema hutatoa hata senti moja mpaka ushinde."

Mama anapitisha kidole kwenye kioo cha simu, mara tatu, kila kijana anapomwelekeza. Mkataba ni wa Kiingereza. Hakuna aliyemsomea ukurasa hata mmoja.

Alichoambiwa hakikuwa uongo. Mawakili wa ajali Marekani kwa kawaida hawachukui pesa mbele. Wanakata asilimia kwenye fidia. Ambacho hakuambiwa ni asilimia yenyewe. Mkataba ule ulitaja 40 tangu siku ya kwanza, hata kama kesi isingefika mahakamani, na ulikata asilimia hiyo kwenye kila pesa itakayoingia, kutoka bima yoyote. Desturi ya soko la Texas ni theluthi moja kama mambo yanamalizwa kwa mazungumzo, na asilimia 40 kesi ikishafunguliwa. Kwa kesi za kawaida za ajali ya barabarani sheria ya huko haijaweka kikomo cha asilimia, inasema tu malipo yasiwe ya kupita kiasi. Kwa hiyo hilo ni jambo la kupatana, na mtu aliyelala na nyonga iliyovunjika hapatani na yeyote.

Yule kijana ni dalali. Analipwa kwa kila kichwa anachokipeleka ofisini, na Texas hilo ni kosa la jinai. Wakili haruhusiwi kumfuata majeruhi asiyemwita, kwa mguu wala kwa simu, wala kumtuma mtu. Hata barua ya kujitangaza haipaswi kumfikia kabla ya siku 31 tangu ajali. Haruhusiwi pia kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Mteja aliyenaswa kwa njia hiyo anaweza kuomba mkataba ubatilishwe, na sheria inamruhusu kudai adhabu ya dola 10,000 kutoka kwa waliohusika.

Natofautiana na wanaosema dalali ni msaada kwa sababu angalau anajua lugha yetu. Kujua lugha ni jambo kubwa, sikatai. Lakini ofisi inayoanza kazi kwa kuvunja sheria ya uwakili mbele ya mgonjwa imeshakuonyesha itakavyokutendea wewe wakati hundi itakapofika.

Kuna ubaya mwingine, mkubwa kuliko asilimia, na huo haukuonekana mpaka mpwa wa mama, msichana anayesomea uuguzi, alipoomba kuona karatasi. Wakili mmoja alikuwa amewachukua wote watano.

Mwenye pikapu alikuwa na bima ya kiwango cha chini kinachotakiwa Texas: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa ajali nzima, na dola 25,000 kwa mali iliyoharibika. Maana yake, hata wangeumia watu kumi, kampuni ile ya bima ina dola 60,000 za miili yote. Mwenye pikapu mwenyewe ni fundi wa kuezeka paa, nyumba anapanga. Kumshitaki yeye binafsi ni kuwinda kivuli, kwa sababu Texas inakinga mali nyingi za mdaiwa na haikati mshahara kwa deni la aina hii.

Sasa piga hesabu ya mgao wa sawa kwa sawa, ambao ndio unaoleta amani kanisani. Elfu 60 kwa watano ni dola 12,000 kila mmoja. Kwa mama, wakili anachukua asilimia 40, yaani 4,800. Hospitali iliyomlaza inaweza kuchukua hadi nusu, yaani 6,000. Zinabaki dola 1,200, na gharama za ofisi hazijatolewa. Mwenye maumivu ya mgongo, ambaye hakulazwa na hadaiwi na hospitali, anaondoka na dola 7,200. Hakuna aliyeibiwa hapo, na kila sahihi imetiwa kwa hiari.

Wakili mwenye wateja watano kwenye mfuko mmoja usiotosha hawezi kumpigania mmoja bila kuwapunguzia wanne. Kanuni za uwakili za Texas zinaliita hilo mgongano wa maslahi, na zinamtaka awaeleze wote na kupata ridhaa yao. Na humo ndani alikuwemo dereva. Bima ya pikapu ilidai kwamba dereva wetu alikuwa anakimbiza gari, hivyo abebe asilimia 20 ya lawama. Kwa dereva hilo ni pigo, kwa sababu fidia yake inapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Ingezidi 50 asingepata chochote. Lakini kwa abiria, lawama ya dereva inaweza kuwa mlango wa bima ya pili, ile inayolipa makosa ya dereva mwenyewe. Wakili wa wote watano hawezi kuugonga mlango huo, maana mteja wake ndiye anayeishi nyuma yake. Katika kisa hiki mwendo kasi haukuthibitika. Hata hivyo mtu wa kuuliza swali hilo kwa niaba ya mama alipaswa kuwepo.

Mpwa alianza kupiga simu. Barabara kuu za Houston zimepambwa mabango ya mawakili kila maili chache, na kijana yeyote wa mjini anaweza kukutajia namba tatu kwa kichwa. Bango si dhambi, lakini bango ni kodi, na kodi hulipwa kwa wingi wa mafaili. Mara nyingi faili lako litashikwa na karani ambaye hujawahi kumwona. Ofisi ya kwanza ilimwambia ndani ya dakika tano kwamba kesi ya shangazi ina thamani ya laki tatu. Hawakuwa wamejua bado bima ya pikapu ni ya kiasi gani. Ya pili iliharakisha kumpangia mama miadi kwenye kliniki ya viungo kesho yake, matibabu kwa mkopo utakaolipwa kesi ikiisha. Mpango huo wa mkopo ni halali na humsaidia asiye na bima ya afya, ila kwenye mfuko mdogo kama huu kila kikao cha kukandwa mgongo kinamegua dola zilezile chache, na kliniki hulipwa kabla ya mgonjwa.

Ofisi ya tatu ilikuwa ndogo, wakili mwenyewe akapokea simu. Aliuliza mambo mawili kabla ya kusema lolote kuhusu pesa. Je, mnaweza kunipatia ule ukurasa wa mbele wa bima ya gari mlilopanda? Na je, hospitali imeshasajili dai lake kwa karani wa kaunti? Mpwa hakujua jibu la lolote kati ya hayo, lakini alijua amempata mtu. Akaingia kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha Texas, ambako jina la kila wakili huonyesha mwaka aliopewa leseni na kama amewahi kuadhibiwa. Akaangalia pia kama ana cheti cha ubingwa wa kesi za majeraha kinachotolewa na bodi ya ubingwa ya jimbo, alikuwa nacho. Wakili mzuri anaweza asiwe nacho, ila mwenye nacho amefanya mtihani na ameendesha kesi kweli mbele ya baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi.

Walipokutana, mama aliomba mkalimani asiwe ndugu wala muumini wa kanisa lao. Ofisi ikalipia mkalimani wa simu, mkataba ukasomwa mstari kwa mstari: theluthi moja, bila kukata chochote kwenye bima ya matibabu ya abiria, na hakuna kukubali ofa yoyote bila ridhaa yake.

Kumwacha wakili wa kwanza kulihitaji uangalifu. Mteja ana haki ya kumfukuza wakili saa yoyote, lakini Texas wakili aliyefukuzwa bila sababu nzuri anaweza kudai asilimia yake yote kama mkataba ulivyosema. Mama angejikuta analipa mawakili wawili. Hapa sababu ilikuwepo na ilikuwa nzito: tarehe na saa ya sahihi ya simu zilionyesha mgonjwa alikuwa bado wodini. Wakili mpya akaandika barua fupi akitaja sheria inayokataza kuwinda wateja. Jibu lilirudi wiki hiyohiyo: faili limeachiwa, hakuna dai.

Wakati huo simu zilishaanza. Afisa wa madai wa bima ya pikapu alikuwa amempigia mama akiwa na mkalimani wake, anarekodi. Mmefunga mikanda? Dereva mnamlipa? Mama, mtu mkweli, alijibu, "Tunamlipa kila siku." Maneno hayo matatu yangeweza kumgharimu maelfu ya dola, kwa sababu bima nyingi za magari binafsi hazilipi gari likitumika kama teksi. Zinalipa, hata hivyo, pale wenzi wa kazi wanapochangiana mafuta. Kilichomwokoa mama ni picha za ujumbe wa simu ambamo dereva alikuwa akiandika kila Ijumaa, "Mafuta wiki hii, dola 25 kila mtu." Kwa bima ya mtu aliyekugonga huna wajibu wowote wa kutoa maelezo ya kurekodiwa. Kwa bima ya gari ulilopanda, ukitaka ikulipe, unatakiwa kushirikiana, lakini wakili wako akiwa amekaa hapo.

Swali la mkanda nalo halikuwa la mazungumzo tu. Tangu 2015 Mahakama Kuu ya Texas imeruhusu baraza la mahakama lisikie kwamba majeruhi hakufunga mkanda na kumbebesha sehemu ya lawama kwa majeraha yake. Mama alikuwa amefunga. Yule kijana wa siti ya nyuma atakatwa.

Kisha likaja pigo lenyewe la wakili wa mama. Mwaka 1929 mahakama za Texas ziliamua kesi ya kampuni ya samani ya Stowers ya Houston, ambayo lori lake liliachwa barabarani bila taa na mtu akaligonga. Bima ya Stowers ilikuwa na kikomo cha dola 5,000, ikakataa kumaliza kwa dola 4,000, na hukumu ikapita dola 12,000. Mahakama ikasema bima iliyokataa ofa ambayo mtu mwenye busara angeikubali yaweza kubebeshwa ziada. Ndiyo maana mpaka leo mawakili wa Texas wanatuma barua ya Stowers: lipa kikomo chote kwa mteja wangu, naye ataachia madai yote, pamoja na dai la hospitali, ndani ya siku kadhaa. Na mwaka 1994 Mahakama Kuu ya jimbo, katika kesi ya Soriano, ikasema kwamba majeruhi wakiwa wengi, bima inaweza kumaliza na mmoja kwa haki hata kama waliobaki watakuta mfuko umepungua.

Mama, kwa mifupa miwili iliyovunjika na siku za kulazwa, alikuwa na dai lisilobishika la elfu 30. Wakili wake alituma barua mapema, na bima ikalipa. Nusu ya mfuko wa ajali nzima ilikwenda kwa mtu mmoja kati ya watano. Kanisani yakasemwa mengi, na baadhi ya waliosema wanastahili kusikilizwa. Mimi naona sheria ilifanya kazi yake: aliyeumia zaidi alilipwa zaidi, na wala si mama aliyewaambia wenzake wakae chini ya mwavuli mmoja.

Elfu 30 zile bado zilikuwa na mdai. Sheria ya Texas inaipa hospitali iliyomlaza majeruhi ndani ya saa 72 tangu ajali haki ya kushikilia pesa zinazotoka kwa aliyemgonga, mradi isajili dai lake kaunti. Ankara ya mama ilikuwa dola 84,000. Haki hiyo ina ukomo, ama gharama za hospitali za siku 100 za mwanzo ama nusu ya fidia, kilicho kidogo. Kwa hiyo isingezidi 15,000. Wakili hakuishia hapo. Alimsaidia mama kujaza fomu ya msamaha wa gharama, ambayo hospitali zisizo za faida Marekani zinalazimika kuwa nayo, kisha akaandikiana na idara ya malipo hadi ikakubali dola 7,500 na barua inayosema deni lote limekwisha. Bila sentensi hiyo ya mwisho, dola zinazobaki kwenye ankara zingeweza kumfuata mama nyumbani kupitia wakusanya madeni.

Na ule ukurasa wa mbele wa bima ya gari walilopanda? Dereva aliapa kwamba alinunua bima ya bei rahisi kuliko zote. Lakini Texas kampuni lazima iambatanishe bima ya kukufidia pale aliyekugonga hana bima au ana bima isiyotosha, na pia bima ya matibabu ya watu wa ndani ya gari bila kujali kosa ni la nani, ile inayoitwa PIP, isipokuwa mteja amezikataa kwa maandishi. Dereva hakuwahi kusaini kuzikataa. Zilikuwepo zote mbili: elfu 30 kwa mtu na elfu 60 kwa ajali, na PIP ya dola 2,500 kwa kila aliyekuwemo. Pesa za bima hizi hospitali haina haki ya kuzishikilia, kwa sababu ni bima ya kumkinga majeruhi mwenyewe.

Kutoka bima ya pikapu mama alipata 30,000: wakili 10,000, gharama 600, hospitali 7,500, mkononi 11,900. Kutoka bima ya gari alipata 30,000 nyingine: wakili 10,000, gharama 900, mkononi 19,100. PIP 2,500, zote zake. Jumla dola 33,500. Si utajiri kwa mtu ambaye hatabeba tena sanduku la kilo ishirini, lakini ni mbali na 1,200.

Hesabu hii ni ya Texas tu. Ajali hiyohiyo Louisville, Kentucky, ingeanza na bima ya matibabu na mishahara ya hadi dola 10,000 kwa mtu, bila kuuliza nani mkosa, na mtu hashitaki kabla ya kuvuka kizingiti fulani cha majeraha au gharama. Nashville, Tennessee, muda wa kufungua kesi ni mwaka mmoja, si miwili kama Texas. Na dereva wetu angekuwa Baltimore, ile asilimia 20 ya lawama ingemnyima kila kitu, kwa sababu Maryland ni miongoni mwa majimbo machache ambako mdai mwenye kosa hata dogo hapati fidia. Shemeji aliyelipwa vizuri Maryland au Kentucky hawezi kukuambia lolote la uhakika kuhusu Houston. Hata ndani ya Houston, kama lile pikapu lingekuwa gari la taka la jiji, taarifa ya maandishi ingetakiwa ndani ya siku 90, na wengi hutumia siku hizo kungoja maumivu yaishe.

Wale wanne bado wako kwa wakili wa kwanza. Kila mfuko umebaki na elfu 30. Yule dada aliyevunjika kifundo ndiye mwenye dai zito kuliko wote waliobaki, na ofisi inamwita aje asaini karatasi ya makubaliano ya pamoja. Kabla ya kutia kidole anayo haki ya kuonyeshwa, kwa maandishi, kila mmoja wao anapata kiasi gani na kwa majeraha gani, na asiporidhika kukataa kwa upande wake. Ajali ilikuwa Machi. Ana miaka miwili tangu siku hiyo kufungua kesi yake, ingawa kwa jinsi Soriano inavyofanya kazi, mfuko unaweza kwisha mapema zaidi.